Chane ya Kwanza

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Swaumu hakungoja apewe. Siku ya tatu tangu arudi nyumbani kwa kaka yake alilichukua mwenyewe pale lilipoegemezwa ukutani, akateremka nalo bondeni huku akiimba, na kaka yake Bashiri akamsindikiza kwa macho hadi alipopotea kwenye migomba. Mwajabu, mke wa Bashiri, aliyaona yote hayo akiwa jikoni anakoroga uji. Jembe lenyewe lilikuwa lake.

"Mama Munira," Bashiri alisema alipokuja kuchukua uji wake, "Swaumu nimempa kile kipande cha chini, kando ya mfereji. Mchagulie machipukizi."

"Kipande cha chini?"

"Si kimekaa tu?"

"Kimekaa tu," Mwajabu akaitika, akamjazia kikombe.

Hakikukaa tu. Kwa misimu miwili Mwajabu alikuwa akikibebea samadi kichwani kutoka zizini, akiirundika, akingoja wakati wa kuipanua migomba yake hadi kwenye mfereji. Alimwambia Bashiri mpango huo, Bashiri akaguna, naye akalichukua lile guno kuwa ndiyo. Sasa samadi, mgongo wake na guno la mumewe vyote alikuwa amepewa mtu aliyeshuka juzi kwenye basi na mkoba mmoja.

Swaumu alikuwa dada wa pekee wa Bashiri. Aliolewa Dodoma mjini angali binti, akapika na kuwauzia wanafunzi chakula kule Ipagala miaka nenda miaka rudi, hadi mumewe alipomletea mke mwingine katika chumba kilekile walichopanga. Siku aliyofika alisema neno moja tu juu ya hayo: "Kaka, nikishindwa hapa sina pengine." Bashiri, mwanamume asiyelia hata misibani, akatoka nje kujifanya anatazama mbuzi.

Kipande cha chini kilipopata mwenye kukilima kilipewa na zamu yake ya maji, na katika bonde lile, chini ya vilima vya Kondoa, zamu ina thamani kuliko ardhi. Chemchemi ni moja, mfereji ni mmoja, na kamati ya mfereji chini ya Mzee Iddy ilikuwa na sheria isiyojua huruma: kipande kisicho na mmea ulioshika kinanyang'anywa zamu, anapewa mwingine. Machipukizi ya Swaumu yakishika, angekuwa na shamba na maji. Yasiposhika, angebaki na udongo mkavu na mkoba wake.

*

Mwajabu alitoka upande wa Chemba, nchi ya mtama na mifugo, na alipoletwa bondeni akiwa bi harusi hakuujua mgomba kichwa wala miguu. Aliyemfundisha ni mama mkwe. Bibi yule alimshika mkono akampitisha shina baada ya shina: hili acha, hili ng'oa, hapa bakiza mama na mtoto na mjukuu, waliobaki wote wezi wa maji. Zaidi ya yote alimfundisha kuchagua. Chipukizi la upanga, alimwambia, ni baya kwa sura; majani membamba, yamechongoka, hayana haiba, lakini chini lina kitako kizito kilichomng'ang'ania mama yake. Chipukizi la maji ni zuri, linakunjua majani mapana mapema na kupepea, na chini halina kitu. "Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti," bibi alipenda kusema. "Usichague kwa macho, mwanangu. Tia mkono chini ya kitako."

Bibi alipofariki, kazi ya kuchagua ikawa ya Mwajabu, na bonde zima likawa linamjia. Kwao chipukizi haliuzwi, huombwa. Anayepewa hupanda, hungoja, na mkungu wake wa kwanza ukikomaa hukata chane ya kwanza akampelekea aliyemchagulia. Si mwenye shamba, ni aliyechagua. Huibeba mchana, mikononi, watu wakiona, na kwa njia hiyo kila mtu hujua nani alimchagulia nani. Kwa Mwajabu chane hizo ndizo zilizokuwa cheo chake. Ardhi ilikuwa ya ukoo wa mume, migomba ya ukoo wa mume, hata jina aliloitwa lilikuwa la mtoto wa ukoo huo. Kilichokuwa chake ni ule mkono.

Na sasa mwenye ukoo amekuja. Jioni Bashiri na dada yake walikaa uwanjani wakikumbushana mbuzi aliyewahi kula kofia ya baba yao siku ya Ijumaa, wakacheka hadi Bashiri akafuta machozi.

"Kuna nini?" Mwajabu aliuliza, naye akitabasamu, tayari kucheka.

"Ah, huwezi kuelewa, Mama Munira. Ungekuwepo!"

Wakaanza upya. Mwajabu alirudi jikoni na tabasamu lake. Alijaribu kukumbuka siku aliyomchekesha mumewe hadi machozi, asiikumbuke. Munira, binti yake aliyemaliza kidato cha nne na ambaye tangu utotoni alikimbia kitana cha mama, alikuwa amekaa katikati ya magoti ya shangazi yake anasukwa.

"Mama, ona shangazi alivyonisuka! Wewe unavuta."

"Hongera," Mwajabu akasema. Akasugua sufuria ambalo lilikuwa limeshatakata.

Tuseme kweli, hakuwa mwanamke mbaya. Alikuwa na wivu, na wivu humpata hata mwenye kuswali sala tano na kufunga Jumatatu na Alhamisi.

*

Bashiri alipokwenda mnadani Chemba na mbuzi wake wawili, Mwajabu alishuka shambani na panga na mtaimbo. Alianza kwa nia njema. Kwenye shina la kwanza palikuwa na chipukizi la upanga lililomfikia gotini. Alipiga goti, akatifua udongo, akatia kiganja chini ya kitako. Hata bado likiwa ardhini alihisi uzito wake. Hilo lingekuja kuzaa mkungu wa kubebwa na watu wawili.

Kutoka kipande cha chini akasikia Swaumu anaimba. Alikuwa akichimba mashimo katika ile samadi, na wimbo aliouimba ulikuwa wa mama mkwe, wimbo mdogo wa shambani ambao Mwajabu kwa miaka yote alidhani alifundishwa yeye peke yake. Akausikiliza hadi mwisho. Kisha akautoa mkono wake, akalifukia lile chipukizi, akalishindilia udongo.

Alikwenda upande mwingine wa shina. Machipukizi ya maji yalikuwepo, mabichi, yamekunjua majani. Hayakuhitaji mtaimbo, ukiyasukuma kwa mguu yanakubali. Alichimba moja, akahamia shina jingine, akachimba jingine, hadi yakatimia mashimo ya wifi yake. Akayakata majani yote juu kama inavyotakiwa kabla ya kupanda, na kwa kuyakata akaondoa kitu ambacho mtu angekitambua kwa mbali. Majani yale mapana akawapelekea mbuzi. Vitako akavimenya hadi vikawa vyeupe, visiwe na hata tundu la fukusi, akavichovya kwenye maji ya majivu. Asingetokea mtu wa kusema hakuyahudumia.

Alijiambia hayatakufa, yatachelewa tu. Alijiambia mtu wa mjini huchoka upesi, na afadhali achoke mapema kabla hajazoea. Alijiambia pia kwamba samadi ilikuwa yake, na hilo peke yake ndilo lililokuwa kweli.

Munira alimsaidia kuyabeba kichwani. Swaumu aliyapokea huku anahema, kanga ameifunga kiunoni, udongo hadi kwenye viwiko. Aliinua chipukizi la kwanza, akaligeuza, kiganja chake kikaenda chini ya kitako, kikakaa hapo. Kisha akatabasamu.

"Mepesi, wifi. Hayataniumiza mgongo."

"Mepesi hushika haraka," Mwajabu alijibu.

"Wewe ndiye mwenye mkono."

"Mama amekuchagulia yaliyonyooka, shangazi," Munira akasema. "Ona, yote yamenyooka."

"Nimeona, mwanangu."

Swaumu alipanda vizuri kuliko Mwajabu alivyotegemea. Alirudisha kwanza udongo wa juu uliochanganywa na samadi, akashindilia kwa kisigino, akatandaza mabua ya mtama kuzunguka kila mche ili unyevu usikimbie. Alipomaliza akanawa mferejini.

"Chane ya kwanza ni yako, wifi," alisema, akijipangusa mikono.

*

Machipukizi hayakufa, lakini yaliishi kwa shida. Yalitoa majani mapana, laini, ya kijani kilichopauka, na chini shina likabaki jembamba. Upepo mkavu wa kiangazi ulipovuma yalilala, na Swaumu akapita akiyainua na kuyafungia vijiti. Wanawake waliopita na ndoo zao hawakumwonea haya.

"Huo mkono wa kukaangia chipsi huo!"

"Bado una mafuta, jamani," Swaumu aliwajibu, akacheka nao. "Mgomba unateleza."

Siku za mwanzo Mwajabu aliona raha, tusimpambe. Alikuwa akishuka asubuhi, anatazama upande ule, na kitu kifuani kinatulia. Lakini raha ile haikukaa. Bashiri aliyekuwa akirudi kutoka malishoni na kujinyoosha mkekani, sasa alirudi akachukua ndoo akaenda kumsaidia dada yake. Munira naye. Kila jani lililonyauka kule chini liliwavuta watu wake wakamwacha yeye peke yake na chungu. Alikuwa ametaka Swaumu ashindwe, na kumbe mtu anayeshindwa hupendwa zaidi.

Jioni moja walipokuwa wanakula, Bashiri alimega tonge la ugali akalizungushazungusha mkononi.

"Mama Munira, yale machipukizi ya Swaumu ulichagua mwenyewe?"

"Ulitaka achague nani?"

"Nauliza."

"Nilichagua mwenyewe."

Bashiri akalitazama lile tonge, akalirudisha kwenye sahani. "Sawa," akasema. Akanawa, akaenda kulala bila kumaliza chakula, na Mwajabu akayatoa mabaki akiwa na hakika kwamba anajua. Mtoto wa yule bibi asingekosa kujua.

*

Kamati ya mfereji ilipita kukagua vipande kabla ya kupanga zamu za kiangazi kikuu. Wenye mashamba waliifuata nyuma kama kawaida, kila mtu akitaka kuona cha mwenzake. Mzee Iddy alitangulia na fimbo yake. Kwa Mwajabu alitikisa kichwa kwa ridhaa, akasema, "Mkono wa marehemu huu," na Mwajabu, hata siku hiyo, alisikia utamu.

Kwenye kipande cha chini alisimama. Alibonyeza shina moja kwa dole gumba. Akaweka ncha ya kiatu chini ya jingine, akalisukuma kidogo, likayumba lote.

"Shikamoo, mzee," Swaumu alimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Hii ni ya maji." Akasogea kwenye mgomba mwingine, na mwingine. "Yote ya maji. La upanga hakuna hata moja. Nani alikuchagulia?"

Watu wakamgeukia Mwajabu. Hawakuwa na sababu ya kumgeukia mwingine. Bondeni mle aliyechagua alijulikana. Munira, aliyeyabeba machipukizi yale kwa kichwa chake, alikuwa akimtazama mama yake huku midomo imeachana kidogo. Bashiri alivuta pumzi aseme.

"Nilichagua mwenyewe, mzee," Swaumu akamwahi.

"Wewe?"

"Mimi. Wifi alikuwa na kazi nyingi, nikaona haya kumsumbua. Nikachimba yaliyonipendeza macho. Nimekaa mjini mno, mzee, nimesahau."

Mtu mmoja nyuma akacheka, kisha wengine. "Kachagua kama anachagua vitenge," mwanamke mmoja alisema, na kicheko kikazidi. Swaumu alisimama katikati ya kicheko hicho akitazama miguu yake iliyojaa tope. Mzee Iddy hakucheka.

"Makosa yako ni yako, lakini maji ni ya wote," alisema. "Zamu naihamisha. Kipande kikionyesha uhai, njoo tuzungumze."

Mwajabu alikuwa ameshika jembe lake, lilelile. Angeweza kusema kweli; palikuwa na nafasi, Mzee Iddy hakuwa ameondoka bado. Hakusema. Na uchungu uliomkamata wakati ule haukuwa wa aibu peke yake. Aliona tu kwamba Swaumu amemzidi tena. Amemzidi kucheka, amemzidi kusuka, na sasa amemzidi hata wema, mbele ya watu.

*

Bashiri hakumgombeza. Alihamishia kiti chake upande wa pili wa uwanja, akawa anakula huko. Munira aliitika "abee" na "sawa mama", basi. Nyumba ilikuwa imenyang'anywa zamu ya maji, na kila mtu alijua kwa nini, na hakuna aliyesema.

Mwajabu akavumilia hadi akashindwa. Akashuka shambani, akachimba kwenye mashina yake yenyewe, yale anayoyapenda, machipukizi ya upanga mazito yaliyomtoa jasho. Akayatia kwenye tenga, akalibeba hadi chemchemini, ambako Swaumu alikuwa akichota maji kwa kata na kuyamimina ndooni. Zamu ya mfereji haikuwepo, lakini kuchota kwa ndoo hakukatazwi.

"Ulijua," Mwajabu alisema.

Swaumu hakugeuka. "Nilijua nilipotia mkono chini."

"Mbona ukapanda?"

"Ningeyarudisha ningesemaje, wifi? Kwamba mke wa kaka yangu amenipa takataka? Nyumba ile ni ya kaka, lakini mlango ni wako. Mimi nimetoka kwenye nyumba iliyovunjika. Sikuja kuvunja nyingine ili nipate pa kulala."

Mwajabu alitua tenga chini. "Haya hapa. Ya upanga. Nimeyachimba mwenyewe kwenye mashina yangu."

Swaumu sasa aligeuka. Aliinama, akatia kiganja chini ya moja, akalipima, na uso wake ukaonyesha jinsi alivyolitamani. Kisha akalirudisha tengani taratibu.

"Rudi nayo."

"Swaumu, utapoteza kipande."

"Rudi nayo, wifi. Na usidhani nakataa kwa wema, wema umenichosha. Unajua ulipoletwa hapa nilikuwa nani? Nilikuwa kama Munira. Mama alikuwa akinifundisha mimi, shina kwa shina. Ulipofika akaniambia, wewe utaolewa utaondoka, mkono huu nampa atakayebaki. Akanichukua kwenye migomba akaniweka jikoni. Nilikuchukia hadi siku niliyopanda basi kwenda kuolewa. Nilimwomba Mungu ushindwe." Akajitwisha ndoo, akaisawazisha. "Hukushindwa. Basi na mimi sishindwi. Chane yako nitakuletea kutoka kwenye hayohayo uliyonipa."

"Umewaambia watu ulichagua mwenyewe," Mwajabu akasema. "Hudaiwi chane, wala mimi sikudai." Alijisikia akiyasema kwa nafuu, na nafuu hiyo ikamtia haya.

"Nimewaambia wao," Swaumu alijibu. "Wewe sijakwambia."

Akaondoka, maji yakimchuruzika shingoni. Mwajabu aliyapanda machipukizi yale kwenye shamba lake mwenyewe, maana kuyatupa asingeweza.

*

Kiangazi kile Swaumu alibeba maji kwa ndoo kutoka chemchemini hadi kipande cha chini, mbele ya macho ya wote, kila siku ya Mungu. Kichwa chake kikaota upara mdogo utosini. Nusu ya migomba ilikauka; aliing'oa, akaikatakata, akaitandaza kuwa kivuli cha udongo kwa iliyobaki. Mwajabu alimwangalia kutoka juu na hakupata tena raha hata chembe, ila wivu ulikuwepo, haukuhama. Alimwonea wivu kwa ubishi. Alimwonea wivu hata kwa ule upara, kwa sababu Bashiri aliutazama kwa huruma kila mara alipopita.

Mvua ziliponyesha, migomba iliyosalia ilisimama. Ilikuwa midhaifu bado, lakini kwenye vitako vyake, kutoka chini kabisa kwenye udongo, vikaanza kuchomoza vichwa vyekundu vilivyochongoka. Mgomba hauzai dhaifu kwa sababu ni dhaifu. Ukishashika, watoto wake hupata kile ulichokikosa. Swaumu aliondoa vilivyozidi, kila shina akaliachia kimoja. Vikakua vyembamba, vikali, vibaya kwa sura.

Mzee Iddy alipita siku moja bila kuitwa. Aliweka ncha ya kiatu chini ya chipukizi moja, akasukuma. Halikutikisika. Akaguna, na Ijumaa iliyofuata zamu ya kipande cha chini ikasomwa tena pamoja na nyingine. Bashiri alisikia akafurahi, akaja akamwambia mkewe. Yalikuwa maneno yake ya kwanza marefu kwake kwa muda mrefu, na yote yalikuwa juu ya Swaumu.

Mmoja wa ile migomba ya mwanzo ukatoa mkungu. Ulikuwa mdogo hata aibu, na bado uliulemea mgomba wake, ukategemezwa kwa miti miwili.

*

Siku ya kusafisha mfereji, bonde zima hutoka na majembe kuzoa tope, na nyumba moja hupika. Mwaka huo ilikuwa zamu ya nyumba ya Bashiri. Uwanja ulijaa. Wanaume walikaa kwenye mikeka wakila ugali na mbuzi, wanawake walizunguka masufuria, na Mwajabu alikuwa kwenye chungu kikubwa, mwiko mkononi, akiamrisha. Watu walimsifu mchuzi. Alikuwa karibu kufurahi.

Swaumu akatokea kwenye njia ya bondeni. Alikuwa ameoga, amevaa kanga safi, na mikononi, juu ya jani la mgomba, alibeba chane. Ndizi zake zilikuwa nne tu, fupi kama vidole vya mtoto. Mazungumzo yakapungua, kisha yakaisha, maana hakuna mtu uwanjani pale asiyejua chane ya kwanza inavyobebwa. Wasichojua ni anampelekea nani. Si alichagua mwenyewe? Pengine anampelekea kaka yake, kwa heshima tu. Bashiri mwenyewe alidhani hivyo, akajifuta mikono.

Swaumu akampita Bashiri. Akampita Mzee Iddy. Alikuja hadi kwenye chungu, akapiga goti moja mbele ya Mwajabu.

"Wifi, chane yako," alisema, si kwa sauti kubwa, lakini ilisikika. "Uliyenichagulia ni wewe."

Mzee Iddy aliweka bakuli lake chini. Mwanamke mmoja aliyekuwa akimenya vitunguu akaacha kisu katikati ya kitunguu. Yule aliyesema habari za vitenge akatazama pembeni.

Mwajabu angeweza kusema, hapana, si ulisema ni wewe? Na Swaumu asingebisha. Alimwona machoni kwamba asingebisha, angeinuka na chane yake, na jina la Mwajabu lingebaki safi kama lilivyokuwa. Munira alikuwa amesimama na trei ya vikombe. Hakuweka chini, hakusogea. Alikuwa akingoja kumjua mama yake.

Mwajabu aliufuta mkono wake kwenye kanga, akaufuta na wa pili, akaipokea chane kwa mikono miwili.

"Ni yangu," alisema. "Nilimchagulia mimi. Nilimchagulia nikijua."

Kiganja chake, kwa mazoea, kilikuwa kimeingia chini na kupima.

"Nyepesi," ikamtoka.

"Haitakuumiza mgongo, wifi," Swaumu akajibu, akasimama, akaenda kumpokea Munira trei.

Mzee Iddy akakohoa. "Mimi nina kipande kule juu," alisema, hakumtazama yeyote. "Mwakani nitamwomba Swaumu anichagulie." Watu wawili watatu wakaitikia kwamba hata wao. Bashiri hakuitikia. Aliinuka, akachukua kiti chake kutoka upande ule wa uwanja, akakileta karibu na chungu, akaketi.

Desturi inataka aliyepewa aile palepale. Mwajabu alizimenya ndizi zile ndogo moja moja, akazichemsha peke yake katika sufuria dogo. Alimpa Bashiri moja, Munira moja, Mzee Iddy moja. Ya mwisho akaila mwenyewe, amesimama, watu wakimwangalia. Alitafuna polepole. Alikuwa ameomba moyoni iwe chachu, au ngumu, au isiwe na ladha yoyote. Ilikuwa tamu, na hata hilo lilimuuma.